Maziwa ya Kidawa binti Likwata

Kidawa binti Likwata alizaliwa vijijini nyuma ya Kitomanga, mwaka ambao mwenyewe haujui. Waliomwandikia kadi ya chama walikisia 1945, na ukabaki huo. Baba yake alilima mtama na muhogo, alikuwa na mikorosho kiasi, na jioni aliwasomesha wanawe Kurani. Kidawa alisoma sura chache za mwisho akaishia hapo, kwa sababu mtama ulikuwa umeanza kuiva na alitakiwa shambani kuamia ndege. Hakurudi tena kusoma.

Nilimfahamu mwaka 1980, nilipotumwa kutoka Lindi kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji chake. Alikuwa mwanafunzi wangu wa mstari wa nyuma. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwake mwenyewe, na machache nimeyapata kwa Rosalia, mkunga wa kijiji, aliyekuwapo tangu mwanzo.

Aliolewa na Abilahi miaka miwili baada ya Uhuru. Walikaa pamoja miaka minane, na katika miaka hiyo alibeba mimba tatu. Ya kwanza ilitoka. Mtoto wa pili aliishi siku kumi na moja. Wa tatu aliishi siku ishirini na sita. Baada ya huyo wa tatu Abilahi alipata kibarua cha barabara upande wa Kilwa, akakaa kambini karibu na Njinjo zaidi ya mwaka, na aliporudi alirudi na mke, binti mrefu mwenye sauti nzuri aliyeitwa Somoe. Kidawa aliletewa talaka yake kwenye karatasi, kwa mkono wa mtu.

Talaka yenyewe aliipokea. Wanawake wengi walikuwa wameachwa, naye hakujiona wa peke yake. Kilichomtesa ni maneno yaliyofuata. Wazee walipomuuliza Abilahi sababu, alisema mwanamke yule anakula watoto. Alilisema hilo mara moja tu, labda kwa kukosa la kujibu, lakini lilienea bonde zima. Wajawazito wakawa wanasubiri Kidawa aondoke kisimani ndipo wakateke maji. Alipokwenda kwenye arobaini ya mtoto wa binamu yake, walimpa kazi ya kupepeta mchele nyuma ya nyumba, mbali na chumba cha mzazi. Alipepeta mpaka ukaisha, akaaga, akaenda zake.

Mwaka 1973 aliposwa na Yahya, mgane mwenye watoto waliokwisha kuoa na kuolewa, mtu asiyependa maneno ya watu. Mwezi wa Agosti mwaka uliofuata alimzaa mtoto wa kiume, wakampa jina la babu yake, Likwata. Kidawa alihesabu siku. Ilipopita ya kumi na moja hakusema kitu. Ilipopita ya ishirini na sita, alimwambia mumewe amchinjie kuku, na Yahya akamchinjia bila kuuliza sababu.

Mwezi wa Oktoba amri ya kuhamia vijijini ikafika kwao. Watu waliokuwa wakikaa mbalimbali, kila ukoo na mikorosho yake, walitakiwa kujenga pamoja mahali palipopimwa, mwendo mfupi kutoka Kitomanga. Vijana wapimaji walinyoosha kamba, wakapigilia vigingi, wakagawa viwanja kwa kufuata orodha waliyokuja nayo. Hawakujua nani ni nani kwa nani. Yahya alipewa kiwanja cha saba katika mstari wa pili. Cha nane kilikuwa cha Abilahi.

Yahya alikwenda kuomba kubadilishiwa, akaambiwa orodha imekwisha kupelekwa. Wakajenga. Kati ya ukuta mmoja na mwingine palikuwa na hatua kama ishirini. Kidawa alipotoka kwenda kutwanga alimwona Somoe akitwanga, na Somoe alipomwona alivuta kanga akafunika tumbo, kwa maana wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minne. Hawakutukanana hata siku moja. Walisalimiana kwa kuinua vichwa tu.

Somoe alijifungua mwezi wa Machi 1975, siku ya mvua kubwa, kabla ya adhuhuri. Mtoto alikuwa wa kike, akalia vizuri. Damu ya mama haikukatika. Rosalia alikuwa Mmakonde wa Newala, msichana bado, na zahanati yake ilikuwa chumba kimoja kando ya ofisi ya kijiji. Alifanya yote aliyofundishwa. Watu walikimbia barabara kuu kutafuta gari, wakakuta maji yamekata njia. Alasiri ilipoingia Somoe alikuwa amekwisha kufa. Walimzika asubuhi yake, na Kidawa alikaa matangani na wanawake wengine, karibu na mlango, mtoto wake mgongoni.

Abilahi alimwita binti yake Sikudhani.

Sasa ikawa kazi ya kumlisha. Ng'ombe hawakufugwa pande zile. Maziwa ya kopo yalikuwa Lindi, yalipokuwapo, na njia imekatika. Shangazi yake Abilahi, mwanamke wa makamo aliyekuja kumwangalia mtoto, alimpa maji ya sukari kwa kitambaa. Wanawake waliokuwa wakinyonyesha katika mistari ile walikuwa wanne. Wa kwanza alikuwa na mapacha, na hao wenyewe hawakushiba. Wa pili alikuwa na jipu la ziwa. Wa tatu alikubali, akamnyonyesha mara moja, kisha mumewe akamkataza, akisema hataki mtoto aliyezaliwa na kifo aingie nyumbani kwake. Wa nne alikuwa Kidawa, na kwake hakuna aliyekwenda kuomba. Shangazi asingeweza kwenda. Abilahi ndiye kabisa. Rosalia alimfikiria lakini, alivyoniambia, aliogopa kuanzisha jambo katika kijiji ambacho hajakizoea.

Kwa hiyo hakuombwa na mtu. Hili Kidawa alilirudia mara mbili aliponisimulia, akitaka nilielewe.

"Ilikuwa siku ya tatu," aliniambia. "Mvua haijakatika. Mimi nimekaa ndani, Likwata amelala. Yule mtoto analia kule, na kila akilia maziwa yananitoka yenyewe. Nikasema huu ni mwili tu, hauna akili. Nikabadili kanga. Akalia tena, na ile ya pili ikalowa. Nikabaki sina kanga kavu, maana mvua ile hakuna kilichokuwa kinakauka."

Aliswali adhuhuri, kisha akabaki mkekani.

"Nikamwambia Mwenyezi Mungu, mtafute mwingine. Hawa ndio walionipa jina. Mtoto mwenyewe amechoka, akifia kifuani kwangu nani atasema amekufa kwa njaa? Watasema Kidawa amemaliza kazi yake. Na huyu wangu je, niliyempata baada ya watatu, nimpunguzie? Nikasema yote, sikubakiza. Nilipomaliza nikanyamaza, na yule mtoto akalia."

"Hukusikia kitu kingine?" nikamuuliza.

"Nilisikia mtoto. Ulitaka nisikie nini tena?"

Alitoka akamkuta Yahya barazani akichonga mpini wa jembe.

"Baba Likwata, nataka kwenda kwa Abilahi nikamnyonyeshe mtoto."

Yahya aliendelea kuchonga kwa muda. "Nani kakuita?"

"Hakuna mtu aliyeniita."

"Na akikufia?"

"Hilo nimekwisha kulisema."

"Ulimwambia nani?"

Kidawa alionesha kwa kichwa kule ndani, kwenye mkeka wake wa kuswalia. Yahya aliutazama, akarudisha macho kwenye mpini wake. "Mimi sikukatazi," alisema. "Lakini pita kwanza kwa Mwalimu, usije ukafanya kitu usichokijua."

Mwalimu Chande alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na ndiye aliyewaswalisha. Alimsikiliza mlangoni, mvua ikimpiga mgongo Kidawa, mpaka alipokumbuka kumkaribisha chini ya paa.

"Kama mwenye maziwa mwingine yupo, si lazima kwako," alisema. "Kama hayupo, ni mtu anakufa na wewe una chakula chake. Na ujue hivi. Akinyonya mara tano akashiba, huyo ni mwanao wa kunyonya. Likwata ni kaka yake. Hawataoana mpaka kufa."

"Hilo nalijua."

"Basi unaniuliza nini, mama?"

"Nilidhani labda utanikataza."

Mwalimu Chande alisema hana cha kumkatazia. Kidawa akarudi, akazipita hatua zile ishirini.

Abilahi alikuwa ameketi mlangoni kwake, hajanyoa, macho mekundu. Alipomwona alisimama kama mtu aliyefumaniwa. Shangazi alitokea nyuma yake, mtoto mkononi.

"Unataka nini hapa?" shangazi aliuliza.

"Nimekuja kumnyonyesha mtoto."

"Wewe?"

"Mimi."

Shangazi alirudi nyuma hatua moja. "Abilahi, mwambie huyu mwanamke. Somoe amekwenda, tumebakiwa na hiki kiumbe tu. Mwambie."

Abilahi hakumtazama Kidawa usoni. Kidawa alisema baadaye kwamba alimwonea huruma mara moja, kisha ikapita, akamkasirikia tena. Alisubiri. Hakusema neno la kujitetea na hakusema neno la zamani.

"Mpe," Abilahi alisema mwishoni.

Kidawa aliketi sakafuni, mgongo ukutani, mahali ambapo mwanga wa mlango ulimfikia. Aliomba wanawake wawili waliokuwamo wakae mbele yake waione mikono yake. Akatamka bismillahi kwa sauti. Mtoto alikuwa mwepesi mno, na mara ya kwanza alishika akaachia. Mara ya pili vilevile. Kidawa akakamua matone machache midomoni mwake na kungoja. Mara ya tatu alinyonya, akasinzia, akaamka, akanyonya tena. Ziwa moja liliisha. Kidawa alisimama, akamrudishia shangazi mtoto, akaenda nyumbani kumnyonyesha wake kwa la pili.

Alikwenda hivyo mara tano au sita kwa siku, na Rosalia alikwenda kila asubuhi kumpima mtoto. Kwa miezi mitatu Kidawa hakukubali kumchukua Sikudhani nje ya nyumba ya baba yake, hata shangazi alipochoka na kumwambia ampeleke tu. Alitaka kila anachofanya kionekane. Alikula muhogo mwingi na mboga ya kunde, na Yahya, bila kuambiwa, alianza kumletea samaki kutoka Mchinga kila alipopata wa kumwagiza. Likwata alianzishwa uji mapema kuliko kawaida. Kidawa alisema mtoto yule alimnunia siku za mwanzo, akimwona anarudi kutoka kule anageuza uso. Mimi nadhani mtoto wa miezi saba hawezi kununa namna hiyo, lakini sikumbishia.

Sikudhani alipoingia mwezi wake wa nne, akapata homa.

Ilianza asubuhi. Kufikia mchana alikuwa anatetemeka na kutapika maziwa. Shangazi aliweka mikono kichwani, akasema maneno ambayo watu walikuwa wameyaweka akiba tangu siku ile ya mvua. Kisimani yakafika kabla ya Kidawa. Mwanamke mmoja aliyeinama kuteka aliacha ndoo yake ikiwa nusu akaondoka. Mwenyekiti wa kijiji alimwita Yahya ofisini, akamshauri mkewe akae mbali na nyumba ile mpaka mambo yatulie.

Kidawa alimbeba mtoto akampeleka zahanati, shangazi akifuata nyuma kwa kelele. Rosalia alimpa mtoto klorokwini iliyosagwa, akamwambia Kidawa aendelee kumnyonyesha hata kama anatapika, asiache.

"Nisipoacha watasema," Kidawa alisema.

"Dada, wakisema watasema," Rosalia alijibu. "Ukiacha atakauka."

Alikaa naye pale zahanati siku tatu. Rosalia anakumbuka kwamba siku ya kwanza Kidawa aliswali akilia. Kidawa mwenyewe alinieleza kilio kile kwa uso mkavu.

"Siku ya kwanza niliomba asife nisije nikaaibika. Ndiyo dua yangu yote, jina langu. Siku ya pili nilipokwenda kutawadha niliiona aibu ya dua ile. Nikaomba apone, basi. Na kama hatapona, nikaomba nisimkimbie."

Siku ya tatu alfajiri homa ilishuka na mtoto akatafuta ziwa mwenyewe. Hakuna aliyekuja kumwomba Kidawa radhi. Ila shangazi, walipotoka zahanati, alimbebea mwavuli wake, na wiki ile ile alifunga mizigo akarudi kwao Mingoyo, akisema mtoto ana mwenyewe sasa. Sikudhani akahamia kwa Kidawa. Abilahi alileta gunia la mtama na mtungi mpya, akaviweka mlangoni, akampa Yahya mkono, akaondoka.

Watoto wale wawili walikua kwenye mkeka mmoja. Sikudhani alitembea akiwa na miezi kumi, mapema kuliko alivyotembea Likwata. Alikuwa na sauti ya mama yake. Akimwona Yahya anarudi shambani alipiga ukelele mmoja mrefu uliowafanya majirani wacheke, na Yahya, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza na watoto wake wa kwanza, alimbeba begani mpaka mlangoni kila siku. Baba yake mzazi alikuja kumwona siku za Ijumaa. Sikudhani alimwita mjomba, na hakuna aliyemsahihisha.

Kidawa alikuwa amesahau kuogopa. Hilo ndilo neno alilotumia.

Mwezi wa Juni 1977 alifika mwanamke mzee kutoka Njinjo. Alikuwa ametembea siku moja na nusu mpaka barabara kuu, kisha akapanda lori la chumvi mpaka Kitomanga. Aliitwa Bi Asumini. Somoe alikuwa mwanawe wa pekee. Habari ya kifo ilimfikia baada ya mwezi, na alikuwa amesubiri mtoto atimize miaka miwili ya kunyonya, kama ilivyo sheria, ndipo akaja.

Alipokewa kwa Abilahi. Asubuhi yake walikuja wote wawili kwa Yahya, wakaketi barazani, na Bi Asumini akasema alichokuja kukisema.

"Mwanangu, umefanya jambo ambalo mimi sina cha kukulipa," alimwambia Kidawa. "Lakini mtoto kwetu ni wa upande wa mama. Sina mwingine. Nimekuja kuichukua damu yangu."

Kidawa alimgeukia Abilahi. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni mwanamume peke yangu," Abilahi alisema. "Bibi yake ana haki."

Kidawa aliinuka akaingia ndani. Yahya alimfuata, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao ni yeye aliyekuwa na hasira. Alisema watakwenda baraza la kata, watakwenda mahakamani Lindi, mtu hawezi kulea miaka miwili kisha aje mtu na fimbo yake achukue. Kidawa alimwacha aseme, kisha akajifunga kanga akaenda kwa Mwalimu Chande.

"Haki ni ya bibi yake," Mwalimu alisema.

"Kwani maziwa hayana haki?"

"Yana haki ya undugu. Hayana haki ya kukaa naye."

"Basi kwa nini niliambiwa kwenye dua yangu nimchukue?"

Mwalimu Chande alikuwa mtu mkweli. Alijibu kwamba hajui. Alisema anachojua ni kwamba yule aliyemwambia amchukue hakumwambia ni wake. Kidawa alimjibu kwa ukali, maneno ambayo hakutaka niyaandike, akaondoka bila kuaga. Aliniambia alikwenda shambani moja kwa moja, akalima mpaka jua likamchoma, mstari ambao haukuhitaji kulimwa. Aliporudi alimkuta Bi Asumini bado barazani, hajala, akimtazama Sikudhani akicheza na maganda ya korosho. Mtoto hakumkaribia.

"Mama," Kidawa alimwambia, "nitakupa. Lakini si leo. Mtoto hakujui, ukimchukua leo utamvunja. Kaa hapa kwangu. Lala naye, mlishe. Akikuzoea utakwenda naye."

Bi Asumini alikaa wiki tatu. Katika wiki hizo Kidawa alifanya kazi ya kujiondoa. Sikudhani alipomjia na njaa, alimwelekeza kwa bibi. Alipoanguka akalia, Kidawa alijishughulisha na jiko mpaka Bi Asumini amfikie kwanza. Alimfundisha kusema "bibi" na akamfundisha Bi Asumini ukelele ule wa kumpokea Yahya, ili mtoto aukute Njinjo. Ziwa alikuwa amekwisha kuliacha miezi miwili nyuma, na Kidawa alishukuru kwamba hilo halikuwamo katika mambo ya kukataa. Yahya hakuweza kutazama. Alikuwa anaondoka alfajiri na kurudi giza likiingia, hata kama shambani hakukuwa na kazi.

Siku ya kuondoka walikwenda barabarani asubuhi. Lori lilikuja mapema. Kidawa alikuwa amejitayarisha kwa kilio cha mtoto, lakini Sikudhani hakulia. Hakuwahi kupanda gari. Alipakiwa mbele pamoja na bibi yake, akashika kioo kwa mikono miwili, macho yamemtoka kwa furaha, akasahau kugeuka. Likwata, mwenye miaka karibu mitatu, ndiye aliyelia, kwa sababu na yeye alitaka kupanda.

Baada ya hapo Kidawa aliendelea kuswali, lakini kwa miezi minane hakuomba kitu chochote. Alikuwa akitoa salamu na kuinuka hapo hapo. Nilipomuuliza kama alikuwa amekasirika, alisema ndiyo. Nilipomuuliza hasira iliishaje, alisema haikuisha siku moja. Mwaka uliofuata binti mmoja wa mstari wa kwanza alipata uchungu akiwa shambani, na waliokuwa naye walimwita Kidawa kabla ya kumwita Rosalia. Hakuna aliyeona ajabu. Alimpokea mtoto yule mikononi mwake, na alipokuwa akimfuta alijikuta anamwombea.

Abilahi alioa tena mwaka 1978, mke kutoka Nangaru. Wazee wa binti walipokuja kufanya mazungumzo, mmoja aliuliza kwa nini alimwacha mke wa kwanza, maana walikuwa wamesikia kuna uchawi katika jambo lile. Mwalimu Chande alikuwapo. Alimsimulia Kidawa kwamba Abilahi alijibu, "Nilisema uongo. Watoto wale walikufa kama wanavyokufa watoto wa watu wengine. Yule ndiye aliyenilelea huyu." Wazee walisikia, wakaendelea na mahari. Abilahi hakuwahi kumwambia Kidawa mwenyewe maneno hayo. Kidawa alisema yalimtosha.

Sikudhani alirudi mara ya kwanza likizo ya mwaka 1984, na miaka tisa yake, akitanguliwa na barua aliyoiandika mwenyewe darasani Njinjo. Wakati huo nilikuwa bado nafundisha kijijini, na Kidawa aliniletea barua ile, si ili nimsomee, bali ili nione kwamba ameisoma. Iliandikwa, "Mama yangu wa Kitomanga shikamoo, nakuja na lori." Alikaa mwezi mzima. Alifika akiwa mpole sana, akimwamkia kila mtu. Siku ya tatu yeye na Likwata waligombania ubao wa kukunia nazi mpaka wakang'oana vifungo, na Kidawa akawachapa wote wawili sawasawa.

Likizo ilipoisha Kidawa aliamua kumsindikiza. Hakuwahi kufika mbali kiasi kile kwa upande wa Kilwa. Walimkuta Bi Asumini amepungukiwa na macho, mbaazi zake ziko shambani na mtama hajavuna wote. Kidawa alisema atakaa siku mbili tatu, ampunguzie kazi.

Wiki ya nne Yahya alimpa dereva wa lori, ambalo siku hizo lilifika mpaka Njinjo, ujumbe, amuulize mkewe kama amepotea au ameolewa huko. Dereva alimkuta Kidawa uani, kichwa kimejaa vumbi la makapi, Sikudhani akipura kando yake na Bi Asumini ameketi kivulini akichambua kwa vidole.

"Mwambie mbaazi hazijaisha," Kidawa alisema. "Na mwambie atafute mtu ampikie, asimsumbue Rosalia."